Chumvi ya Kisima cha Mayige

Khatibu anauza spea za pikipiki Somanda, mjini Bariadi, na sebuleni kwake ana bahari. Ni tangi la kioo lenye urefu wa meza. Maji yake yanazungushwa mchana kutwa na pampu ndogo inayokoroma kama paka aliyeshiba. Khatibu ni mzaliwa wa Pangani. Biashara ilimleta Bariadi, ndoa ikambakiza. Bahari aliikusanya polepole: chumvi maalumu ya unga iliyokuja na basi kutoka Dar, mawe, taa, na mwisho samaki wawili ndani ya mifuko iliyojazwa hewa.

Wa bluu alikufa mwezi uliopita. Amebaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, ambaye binti yao, Shifa, anamwita Bibi Harusi. Sasa huyo naye alikuwa amejilaza kwenye kona ya chini, mapezi ameyabana, anahema harakaharaka. Chakula kilimpita mdomoni akakitazama tu.

"Huyu akifa, navunja tangi," Khatibu alimwambia mkewe, Milembe. "Vioo nampa fundi madirisha."

Milembe alikuwa anachambua mchele. Siku tangi lilipoingia ndani, yeye ndiye aliyelicheka kuliko wote. Jioni ile ile ndiye aliyevuta kiti akakaa mbele yake, na kile kiti hakijarudi mezani mpaka leo.

Dukani nako hakukuwa na nafuu. Luhaga, dereva wa bodaboda aliyekulia Lamadi kando ya ziwa, alikuja kutafuta cheni.

"Mwangaluka, kaka! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Vilevile."

"Kwetu Lamadi samaki akihema hivyo, mtu anasonga ugali."

"Chukua cheni yako uende, Luhaga."

"Nakutania tu, kaka. Pole."

Kilichomkosesha Khatibu raha ni kwamba kipimo kilisema mambo ni shwari. Alikuwa na kile kipimo cha kuchungulia, kama darubini ya mtoto: unadondoshea tone la maji kwenye kioo chake, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga. Ndani, rangi ya bluu na nyeupe zinakutana, na pale zinapokutana ndipo unaposoma chumvi. Bahari aliyoizoea Bibi Harusi ni thelathini na tano. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, Khatibu aliweka kwanza tone la maji yasiyo na chumvi, akazungusha skrubu mpaka mstari ukae kwenye sifuri. Kisha alifuta, akaweka tone la tangi, akasubiri lipoe, akachungulia. Thelathini na tano. Kila mara thelathini na tano, na samaki anakufa.

Ijumaa hiyo Milembe alisimama nyuma yake na ndoo ya kudekia.

"Hayo maji ya kuanzia unayatoa wapi?"

"Si hayo ya kwenye pipa. Maji baridi."

"Pipa la kisimani?"

"Ndiyo. Ya kwa mzee Mayige."

Milembe aliweka ndoo chini, akashika kiuno. "Baba Shifa! Hayo ndiyo yasiyo na chumvi?"

"Kwani ni ya bahari?"

"Kawaulize ng'ombe! Tulipokuwa tunawapeleka mnadani, walikuwa wanaliacha bwawa zima wanakimbilia kwa Mayige. Wakishaonja, hata uwachape namna gani hawaondoki. Wanafuata chumvi. Na kiangazi hiki kisima kimepungua, ndiyo yamekolea kabisa. Kwani mimi chai napikia ya wapi? Ya bomba!"

Khatibu alibaki na kipimo mkononi. Pangani alikokulia, maji yalikuwa ya namna mbili, ya bahari na maji baridi. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mbali huku, ardhi nayo inaweza kuwa na chumvi yake.

Na si kupimia tu. Maji ya tangi yalipopungua kwa joto, alijazia hayohayo.

Alitoka mbio mpaka dukani. Kwenye rafu yake mwenyewe, mbali na asidi, zilipangwa chupa za maji safi ya betri, yaliyoondolewa chumvi na madini yote. Alisoma lebo, akaisoma tena asije akakosea chupa. Nyumbani alidondosha tone, mstari ukazama chini ya sifuri; kumbe sifuri yake ya siku zote ilikuwa na chumvi ndani. Akaupandisha kwa skrubu. Kisha akapima maji ya kisima: tatu. Akapima tangi.

"Thelathini na nane," alisema, akakaa chini sakafuni. "Si ugonjwa, Mama Shifa. Ni chumvi. Chumvi tu!" Alicheka huku anajifuta macho.

"Sasa unalia nini? Yatoe!"

"Si kwa pupa. Nikiyapunguza ghafla ndiyo namuua."

Akawa anachota jagi asubuhi na jagi jioni, na kurudishia maji ya betri taratibu, pembeni, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kila siku mstari ulishuka kidogo. Khatibu akaanza kulala.

Milembe ndiye aliyekuwa kwenye kile kiti Bibi Harusi aliponyoosha mapezi. Alidondosha chakula kidogo tu, kama anavyotia chumvi kwenye mboga. Samaki alitoka kwenye kona, akapanda, akakidaka, akageuka kutaka kingine.

"Baba Shifa!" Milembe aliita bila kugeuza kichwa. "Mwambie huyo fundi wako atafute vioo kwingine."