Winga Mwoga wa Rooty Hill

Aloyce Ndunguru hakuwahi kumkatalia mtu jambo usoni. Kwao Mbinga, mtu akikualika mahali usipotaka kwenda, unamjibu "nitakuja," mnaagana kwa furaha, halafu huendi. Naye hakuulizi. Alishaelewa tangu mwanzo kwamba ulikuwa unamtunzia heshima tu. Huo ndio uungwana aliolelewa nao Aloyce, na kidogo umtoe roho huku Sydney.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2021. Corona ilikuwa imetulia kidogo, watu wameanza kushikana mikono tena kwa kuibia. Aloyce alikuwa kibarua kwenye ghala moja karibu na bandari ya Port Botany, kazi yake kushusha maboksi kutoka kwenye makontena. Kiongozi wa zamu yao alikuwa Semisi, Mtonga wa makamo kutoka visiwa vya Tonga huko Pasifiki, mpana, mwingi wa vicheko, ambaye naye aliishi mtaa wa Rooty Hill, magharibi ya mji, na kila alfajiri alimpitia Aloyce kwa gari lake. Asubuhi moja wakiwa barabarani Semisi alimwambia, kwa Kiingereza walichokuwa wakizungumza, "Toko, nimeona unavyokimbia. Tuna timu ya rugby league pale mtaani, daraja la chini kabisa, wazee na wanywa bia watupu. Hatuna winga. Alhamisi ni training. Utakuja?" Toko ni ndugu kwa Kitonga.

"Nitakuja," Aloyce akajibu, kwa heshima zote.

Alhamisi jioni alikuwa mezani na mkewe Rozina, ugali bado wa moto, honi ikalia nje. Semisi alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya njumu mkononi, vipya, saizi ya Aloyce kabisa. Alikuwa amemvizia kazini akaangalia nyayo za buti zake.

"Nimekuja kukuchukua," alisema. "Si ulisema?"

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Aloyce aliangalia viatu, akamwangalia Rozina, Rozina akatazama ugali. Akaenda.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa, ugumu uko kwenye kuucheza. Watu kumi na watatu kila upande, mpira una umbo la yai, na aliyeushika anakabwa kwa mabega na vifua mpaka alale chini. Timu ikikabwa mara sita inaachia mpira. Basi ikiona zamu yake inakwisha, inaupiga juu, juu sana, kuelekea pembeni kwenye kona ya winga. Winga kazi yake ni kusimama pale chini, macho angani, kifua wazi, audake. Wakati huohuo majitu yasiyopungua matano yanamjia kwa kasi, na kila jitu linajua kwamba haangalii mbele.

Aloyce aliogopa. Nasema aliogopa, sisemi alikuwa na wasiwasi. Aliogopa kuanzia Jumatano, akiwa anakata gundi za maboksi. Ijumaa chakula hakipiti. Jumamosi asubuhi, saa ya mechi ikikaribia, alijifungia kwenye choo cha nyuma ya uwanja, akatapika kile kidogo alichokula, kisha akakaa juu ya kifuniko, anasikiliza njumu za wenzake zikilia kwenye sakafu ya saruji. Alikaa hivyo mpaka mlango ugongwe. Aliyegonga ni Semisi, kwa vifundo vya vidole, mara tatu, taratibu. "Toko. Tayari." Na Aloyce akatoka, kwa sababu mtu mzima anapokugongea mlango huwezi kukaa kimya kama hayupo mtu.

Usifikiri ni maumivu aliyoyahofia. Maumivu alishayazoea kwenye makontena. Alihofia mifupa. Walikuwa Sydney kwa viza ya masomo ya Rozina, yeye mume aliyefuatana naye, na mwaka wa nyuma wenye viza kama zao walionja joto ya jiwe serikali ilipogawa misaada na kuwapita. Rozina alikuwa mjamzito, anasoma, na jioni anahudumia vikongwe katika nyumba ya wazee, ambako kila mtu akikohoa watu wanaruka. Wakati wowote wangeweza kumwambia apumzike. Mikono ya Aloyce ndiyo iliyobaki kuwa jiko la nyumba.

"Ukivunjika mkono, hiyo sick leave ya nani?" Rozina alimuuliza. "Wewe ni casual. Mimi huyu mtoto akifika mwezi wa saba wananitoa kwenye roster. Tutakula nini, medali?"

"Wiki ijayo nitamwambia."

"Utamwambia nini? Wewe huwezi kumkatalia hata mtu anayepiga simu kuuza solar."

Ni kweli. Siku ile alimsikiliza yule wa solar hadi mwisho, akamshukuru, na yeye nyumba ni ya kupanga.

Kila Jumatatu alipanda gari akiwa amejikaza kisabuni, maneno yako tayari mdomoni. Na kila Jumatatu Semisi alianza yeye: jinsi Aloyce alivyokimbia, jinsi watoto wake Semisi walivyomshangilia. Aloyce akayameza maneno yake. Mechi ya tatu, fundi bomba mmoja wa timu yao alidaka mpira wa juu uliokuwa uwe wa Aloyce, kwa kuwa Aloyce alirudi hatua mbili nyuma bila kutaka. Mfupa wa bega wa yule bwana ulilia, Aloyce akausikia. Walimtoa nje rangi imemtoka. Wiki ile nzima Aloyce alikuwa akishika bega lake mwenyewe, anapapasa kama bado lipo.

Ndipo akaanza kuomba. Bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili Rozina asisikie. "Ee Bwana, ifunge hii ligi. Ifunge kwa njia yoyote unayoona wewe."

Mwishoni mwa mwezi wa sita mji mzima ukafungwa. Corona ya aina mpya ilikuwa imeingia. Jumamosi waliyokuwa wacheze, tangazo likatoka: watu wabaki majumbani, michezo yote basi. Baada ya wiki kadhaa msimu ukafutwa moja kwa moja.

Aloyce alifurahi. Alikaa kitandani akacheka peke yake, mwili umelegea, akala sahani mbili. Furaha hiyo ilidumu siku chache. Helikopta zikaanza kuzunguka juu ya Blacktown, eneo lao, askari wakagonga milango, mitaa ya magharibi ikabanwa kuliko ile ya ufukweni. Kupeana lifti za magari kukapigwa marufuku, akarudi kwenye treni, kila abiria anamkwepa mwenzake. Rozina akirudi kazini alivulia nguo mlangoni, anakwenda kuoga kabla ya kusalimia. Vikongwe wawili aliokuwa akiwahudumia walikuwa wamekufa. Na siku moja Semisi hakuonekana ghalani, kesho yake hakuonekana tena. Mkewe akapiga simu: amepelekwa hospitali, wamemwekea oksijeni, hakuna anayeruhusiwa kumwona.

Hofu ya mpira wa juu Aloyce alikuwa anaijua ilipoanzia na ilipoishia. Hii haikuwa na mwisho. Katika sala ile alisema "kwa njia yoyote." Maneno hayo yalimrudia akiwa kwenye treni, akiwa anakoroga chai. Hakuthubutu kumwambia Rozina. Alijua angeambiwa ni upuuzi, kwamba Mungu hawezi kuua mamia ya watu ili mtu mmoja asicheze mpira. Alijua pia kwamba kuambiwa hivyo kusingemsaidia.

Mwezi wa nane, mchana, yuko jikoni peke yake, simu ikaita. Ilikuwa ya video. Uso wa Semisi ulikuwa umejaa kioo chote, barakoa ya plastiki imemkaba, mashine inapuliza nyuma yake.

"Toko," alisema, akapumua. "Kesho wananilaza usingizi wa dawa. Wananitia bomba kooni." Akapumua tena. "Naogopa."

Aloyce hakuwahi kufikiria kwamba neno hilo linaweza kutoka kwenye kifua kile. Alitaka kusema usiogope, utapona, kama uungwana unavyotaka. Halikutoka.

"Wewe uliogopa kila Jumamosi," Semisi aliendelea. "Nilikusikia mle ndani. Ulikuwa unatokaje?"

Hata siku moja hakujua kwamba alisikika. Aibu ilimpanda, ikashuka, haikuwa na kazi tena.

"Sikuacha kuogopa," alisema. "Nilitoka kwa sababu uligonga mlango. Basi."

Semisi alifumba macho. Mashine ikapuliza. "Mimi nani atanigongea?"

Aloyce aliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Akakunja vidole, akagonga meza mara tatu, taratibu, vilevile. "Toko," akasema. "Nitakugongea kila siku." Safari hii hakuwa anatunza heshima ya mtu.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aligonga ile meza. Siku za kwanza Rozina alimtazama akidhani corona imempanda kichwani. Akamweleza yote, hata ile sala ya bafuni. Rozina hakucheka wala hakumwambia ni upuuzi. Asubuhi moja Aloyce alichelewa kuamka, akasikia meza inagongwa, akamkuta mkewe amesimama hapo na tumbo lake, mkono mmoja kiunoni.

Na kule bafuni akaomba upya. "Ifungue, Bwana. Ifungue ligi, naye umfungue macho. Mimi nitasimama kwenye kona yangu." Alipomaliza kijasho chembamba kilimtoka, maana alijua amesema nini. Mungu si mtu wa kumwambia nitakuja kisha usiende.

Semisi aliamshwa mwishoni mwa mwezi wa tisa, wiki ileile binti yao Brigitha alipozaliwa. Ilimchukua miezi kujifunza kutembea.

Mwezi wa pili wa mwaka 2022 alikuja kuwaona. Alikuwa amekonda, nguo zinamning'inia, anatembelea fimbo na kupumzika kila baada ya hatua chache. Alimpakata mtoto, akanywa chai, akaiweka chini.

"Mke wangu ameongea na Rozina," alisema. "Ameniambia jinsi mnavyokubali huko kwenu. Kumbe hukutaka tangu siku ile ya viatu. Nimekuburuza msimu mzima, pole sana. Mwaka huu baki na mtoto, toko. Nimekuachia."

Ndiyo maneno aliyoyatamani mwaka mzima, yameletwa mpaka sebuleni kwake, na mgeni, tena na mtu mzima. Alichotakiwa ni kushukuru. Rozina alikuwa kwenye kochi anamtazama. Kibarua kilikuwa kilekile, mikono ni ileile, na sasa midomo ya kulisha imeongezeka.

"Hapana," Aloyce akasema.

Semisi akainua uso. Nadhani hata Rozina alishtuka, kwa sababu katika ndoa yao nzima hakuwa amelisikia neno hilo likisimama peke yake.

"Hapana nini?"

"Nitacheza. Nilishamwahidi wa juu ya sisi wote." Akamtazama usoni. "Lakini nitaogopa vilevile. Usipokuja kugonga, sitoki."

Rozina alimchukua mtoto kwa Semisi. "Vunjika bega tu," alimwambia mumewe kwa Kiswahili, "utanijua mimi ni nani." Hakusema asiende.

Mvua za mwaka ule, zile zilizojaza mito, ziliahirisha mechi mara mbili. Aloyce alizifurahia, binadamu ni binadamu. Kisha Jumamosi moja kukakauka.

Yuko ndani ya kile choo. Ametapika. Amekaa juu ya kifuniko, viatu ni vilevile alivyoletewa mlangoni, kamba amezifunga mara mbili. Nje njumu za wenzake zinapita, zinapungua, zinakwisha. Firimbi ya kuwaita wachezaji imelia. Hakuna aliyegonga.

Labda hawezi. Kutoka maegesho ya magari mpaka hapa ni mbali kwa mapafu yale. Labda amekaa njiani. Labda ameanguka. Aloyce aligundua kwamba mpira wa juu ameshausahau. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye mlango, pumzi ameibana, na hakuwahi kuogopa namna hiyo kwenye uwanja wowote.

Ndipo akasikia fimbo kwenye saruji. Hatua mbili, kimya, mtu anavuta pumzi. Hatua mbili tena. Kimya kirefu.

Mlango ukagongwa, mara tatu, taratibu.

"Toko," sauti ikasema, ikapumua. "Tayari."

Aloyce akajifuta mdomo kwa mkono wa jezi, akafungua komeo.