Mama Aliyepanda Ghorofa ili Asiidanganye Fomu

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa karani wa faili katika hospitali moja ya Busia. Kazi yangu ilikuwa kutafuta faili za wagonjwa na, zisipopatikana, kufungua nyingine. Kwa hiyo baadhi ya wagonjwa walikuwa na faili nne, na katika kila faili walikuwa na umri tofauti. Nilikuwa na miaka miwili kazini daktari mmoja alipofika kutoka Nairobi na sanduku la fomu. Alimwomba mkuu wa hospitali ampe mtu anayejua kuandika vizuri, anayesema Kiswahili na Kikhayo, tena asiyechoka upesi. Mkuu alinitoa mimi. Sijui habari za kutochoka alizitoa wapi.

Daktari huyo alikuwa akichunguza magonjwa ya viungo, yale yanayovimbisha magoti na kupinda vidole. Fomu zilikuwa za aina mbili. Za njano ziliwauliza wagonjwa wanaishije na ugonjwa huo. Za buluu ziliwauliza waganga wa vituo vya afya wanautibuje.

"Usimsaidie mtu kujibu," aliniambia. "Soma swali kama lilivyo, andika jibu kama lilivyo."

Maswali yalikuwa yametafsiriwa na mtu wa pwani, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu. Ugonjwa wenyewe uliitwa baridi yabisi. Mzee wa kwanza niliyemsomea, huko Busibwabo, alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaniuliza huyo Yabisi ni wa ukoo gani. Nikaendelea na swali lililofuata: je, unaweza kufunga vifungo vya shati lako? Akasema vifungo vilishakatika. Je, unaweza kufungua mfereji wa maji? Akasema angefurahi sana kujaribu. Niliandika yote kama yalivyo.

Baada ya wiki mbili nilitumwa Malaba, nikafikia kwa shangazi yangu. Kituo cha afya kilikuwa na muuguzi mmoja na mganga msaidizi mmoja. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake rasmi, lakini sote tulimwita daktari, naye hakukataa. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini hivi, koti jeupe limepigwa pasi, mikono mifukoni. Nilimpa fomu ya buluu na kalamu. Hakuitoa mikono.

"Andika wewe, dada. Mimi nitasema."

Nilidhani ni maringo ya wakubwa. Nikauliza anautibu ugonjwa huu kwa dawa gani.

"Aspirini."

"Na aspirini ikishindwa?"

"Aspirini zaidi."

"Mpaka kiasi gani?"

"Mpaka masikio yaanze kulia. Yakilia, unapunguza kidogo."

Fomu iliuliza kama huwa anatumia sindano za dhahabu. Alinitazama. "Dhahabu ya kweli?" Fomu haikueleza. Akasema niandike hapana. Swali la mwisho lilikuwa: wagonjwa wako wanasumbuliwa na nini kuliko vyote? Akajibu bila kufikiri kwamba ni maumivu.

Alasiri hiyo alinipeleka kwa mgonjwa wake wa siku nyingi, mama mmoja mjane aliyewahi kusifika Malaba nzima kwa pombe yake ya wimbi. Siku hizo wimbi lilisagwa na mke wa mwanawe, na wateja walikuwa wamepungua, jambo ambalo mama alilitaja mara tatu kabla sijafungua fomu. Vidole vyake vilikuwa vimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Alisema Kiswahili, lakini palipokuwa pagumu mganga alitafsiri kutoka Kiteso, akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, unasumbuliwa na nini kuliko vyote?"

"Huyu mke wa mwanangu ananikatia nyama," alisema. "Anaikata ndogo ndogo, ananiwekea kwa sahani, kama mtoto."

"Na maumivu?"

"Maumivu tumezoeana."

Mganga alikohoa. Nikaandika habari ya nyama, nikafika kwenye swali la ngazi. Je, unaweza kupanda ngazi bila msaada?

"Ngazi gani?"

"Ngazi za nyumba, mama."

"Nyumba yangu haina ngazi."

"Kama ingekuwa nazo?"

"Sijui. Na sitaki kudanganya serikali."

Nilimweleza kwamba si serikali, ni daktari tu. Alisema ni yule yule. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika "sijui". Kulikuwa na "bila shida", "kwa shida kidogo", "kwa shida nyingi" na "siwezi". Niliacha wazi, nikaahidi kurudi kesho yake tumalizie.

Wakati huo Malaba ilikuwa na nyumba moja tu ya ghorofa, nayo ilikuwa bado inajengwa, karibu na barabara ya kwenda mpakani. Watu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wakivuka kila siku kutafuta sabuni, sukari na chumvi, na mwenye jengo alisema yeye anauza chumvi tu. Kwa chumvi peke yake alikuwa ameshafika ghorofa ya pili.

Asubuhi nilikuta watu wamejaa chini ya jengo hilo wakitazama juu. Nilitazama pia. Mama yule alikuwa ameketi mwisho wa ngazi, juu ya mfuko wa saruji, bakora mapajani. Fundi mkuu alinieleza kwamba alifika alfajiri na kuanza kupanda bila kuaga, naye akamwacha kwa sababu alidhani ni mama wa mwenye jengo aliyekuja kukagua.

Nilipanda nikamfikia. Alikuwa akitokwa na jasho, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

"Andika," alisema. "Nimepanda."

"Kwa shida kidogo au kwa shida nyingi, mama?"

Alifikiri. "Kidogo." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini kushuka siwezi."

Goti lake la kulia lilikuwa limevimba likagoma kukunjika, na ngazi zenyewe hazikuwa na pa kushika upande wowote. Fundi mkuu alipendekeza tumteremshe kwa kamba, ndani ya karai kubwa la kupandishia kokoto. Mama alimwuliza kama mama yake mzazi ni kokoto. Basi nikakimbia kumwita mganga.

Alikuja haraka, akapanda, akamgusa goti kwa nyuma ya kiganja. Akasema ashikwe na watu wawili: fundi ashike miguu, yeye mwenyewe atamshika makwapani, wateremke ngazi moja moja. Akaingiza mikono, akainua. Mama alinyanyuka kidogo, halafu mikono ile ikaachia tu, kama kamba iliyooza, mama akarudi chini kwa makalio. Hakuumia. Mganga akajaribu tena. Ikaachia tena.

Ndipo nilipoiona mikono yake, maana kwa siku mbili zote sikuwahi kuiona. Vifundo vilikuwa vimevimba, vidole vimelala upande mmoja. Mama naye aliiona. Aliushika mkono mmoja, akaugeuza huku na huku, jinsi mtu anavyokagua samaki kabla ya kununua.

"Daktari, hii yako ilianza lini?"

Mganga hakuuondoa mkono.

"Huu ni mwaka wa nne."

"Na mimi ukaniambia nimeze, nitazoea."

"Hata mimi nilikuwa nameza, mama."

Mama alimtazama. Sikuona hasira usoni mwake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa dawa kumwambia jambo ambalo alikuwa hajalijua tayari. Mwishowe tulimteremsha mimi na mafundi wawili, akikaa kwenye kila ngazi na kupumzika, na ilichukua muda mrefu kuliko kupanda. Mganga alitangulia akiwa ameibeba bakora, ameitundika mkononi karibu na kiwiko. Chini watu walipiga makofi. Mama aliwaambia waende wakafanye kazi.

Mchana mganga aliniita ofisini, akafunga mlango kwa bega.

"Zile karatasi za njano, bado unazo?"

"Ziko nyingi, daktari."

"Toa moja. Kwa kazi, andika mkulima."

"Lakini daktari, wewe si..."

"Nina shamba. Mahindi na muhogo. Andika."

Nikaandika mkulima. Vifungo vya shati? Mke wake alimfungia kila asubuhi kabla watoto hawajaamka. Kuandika? Kwa shida nyingi. Niliuliza pia swali ambalo halikuwa kwenye fomu: nani mwingine anajua? Alisema ni mkewe na muuguzi, na sasa Malaba nzima. Aliogopa kustaafishwa. Sindano zote zilichomwa na muuguzi. Vidonda vya kushonwa alivipeleka Busia, na katika barua alieleza kwamba uzi umekwisha. Hilo nililikumbuka. Pale hospitalini tulikuwa tukishangaa jinsi watu wa Malaba wanavyomaliza uzi.

Tukafika swali la kile kinachomsumbua kuliko vyote. Jana yake alikuwa amelijibu kwa niaba ya wagonjwa kwa neno moja. Sasa aliiweka mikono mapajani, akaitazama.

"Mtoto mchanga," alisema. "Mama akinipa mtoto nimshike, namwambia amweke kwa meza. Anafikiri nina roho ngumu."

Niliandika kama lilivyo.

Nilirudi Busia, daktari wa Nairobi akakaa kuzipitia fomu. Alipofika ile ya mkulima alisoma, akarudia.

"Huyu mkulima anajua kipimo cha aspirini kwa miligramu."

Nilisema wakulima wa Malaba ni werevu.

"Ni nani huyu?"

"Fomu haina nafasi ya jina," nilisema, na ilikuwa kweli.

Hakuniuliza tena. Aliiweka kando, na wiki iliyofuata akaenda Malaba mwenyewe, akisema anakwenda kuwashukuru watu wa kituo kwa msaada wao. Aliwashukuru kwa kumpa kila mmoja mkono. Mganga, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye mikono michafu, alimpa kifundo cha mkono badala ya kiganja. Daktari aliniambia baadaye kwamba aliitazama mikono ile na ilikuwa safi kabisa.

Waliongea peke yao saa nzima. Mganga alikwenda Nairobi akakaa huko karibu miezi mitatu, na sisi tukaambiwa yuko kwenye mafunzo. Aliporudi alikuwa akichomwa sindano za dhahabu, dhahabu ya kweli, kila wiki. Vidole havikunyooka, lakini uvimbe ulipungua, na hakustaafishwa. Alipewa kazi ya kuzunguka vituo vya wilaya akiwafundisha waganga vijana kupima wagonjwa, na wao ndio walioshika vifaa.

Alisisitiza kwamba mama yule naye apate sindano hizo. Mama alikuja Busia kwa ajili ya sindano, na kabla ya kuchomwa ya kwanza aliuliza kama watoto wake watairithi hiyo dhahabu au itazikwa naye. Baada ya sindano kadhaa alitokwa na vidonda mdomoni, zikasimamishwa, akarudi kwenye aspirini na masikio yanayolia. Nilimwomba radhi, maana mimi ndiye niliyemletea fomu ile mlangoni. Alisema nisijisumbue. Mke wa mwanawe alikuwa ameacha kumkatia nyama, kwa sababu mganga alikwenda akamwambia, na pande kubwa huchukua muda lakini lina utamu wake.

Nilimwona mganga mara ya mwisho nilipokuwa karibu kuhamia Nambale kuolewa. Nilipita kwake kuaga. Alikuwa uani na bakuli la njugu, akizimenya moja moja, bila haraka, mikono ikiwa wazi juani. Alinikaribisha kigoda, akasema nisubiri anipatie za kula njiani. Nilinyoosha mkono kuchukua ganda nimsaidie. Akasogeza bakuli upande wa pili, akaendelea. Nilikaa nikasubiri. Zilipotosha kujaza kiganja changu, alinipa.