Moyo Wangu Kwenye Kompyuta

Nilikuwa nimeacha vidonge vya presha, maana sikuona ninapoumwa. Mjukuu wangu wa kike anayesomea udaktari akaja nyumbani Unyambwa na kompyuta, akanionyesha mwili wa mtu, misuli na mishipa yote nje, akawa anauzungusha kwa kidole.

"Mke mwenzangu, mfunike huyo," nikamtania. "Hata ngozi hujamwachia!"

Akacheka, akaingiza vipimo vyangu vya presha. Ukabaki moyo peke yake, ukuta wake umenenepa, unasukuma damu kwa taabu.

"Huu ni mchoro, bibi, lakini wako ndiko unakoelekea."

"Na haupumziki?"

"Hata ukilala."

Nikautazama. Hata punda wangu wa maji namfungua jioni. Nikamwambia alete maji na vidonge.

"Na usinichekee," nikasema. "Nameza kwa kuuonea huruma huo, siyo kukutii wewe."