Siku Mama Odile Alipofungiwa Duka

Mama Odile alitua Kindu mwaka 2000, katikati ya vita, ndani ya ndege ya mizigo, amekalia magunia ya maharagwe yake toka Butembo. Wakati huo njaa ilikuwa kali, treni imekufa, na alipofungua duka la chumvi na sabuni pale mtaa wa Kasuku, tulimpenda siku hiyo hiyo. Jumapili moja alifunga, akaenda misa. Aliporudi, wenye bunduki walikuwa wamemwachia kufuli tu. Kufuli nzuri sana, ila haikuwa na cha kulinda.

Tangu hapo hakufunga tena. Saa kumi na mbili asubuhi mlango wazi: Jumapili, Noeli, mvua, malaria. Hata Jumamosi ya salongo, wakati kila mtu analazimishwa kufagia barabara, yeye alifagia mlangoni pake, jicho moja kwenye mizani.

Papa Yassine, fundi cherehani anayeshona kwenye baraza la duka lake, ana kalenda nyingine. Anafika saa tatu, anasalimia avenue nzima, mlango kwa mlango, adhuhuri anakunja kitambaa. Ijumaa usimuulize hata sindano. Kukiwa na kilio Alunguli, ng'ambo ya mto, suruali yako itangoja wiki.

"Mama Odile, weye unapumzikaka lini?"

"Siku utamaliza suruali moja, Papa Yassine."

Mwaka huu, mwezi wa pili, simu ikalia kutoka Butembo: mama yake amekufa. Vita imerudi, barabara zimekatika, ndege hakuna. Mama Odile akanawa uso, akafungua duka.

Adolphine, jirani muuza chikwange, ile mikate ya muhogo, alikuja kununua chumvi, akaona macho mekundu, akauliza. Alijibiwa huku chumvi ikipimwa. Akaiacha palepale, akatoka na yowe:

"Bantu, mukuje! Mama yake amekufa, na yeye anapima chumvi!"

Kufikia saa tatu baraza lilijaa, na maneno yalikuwa machungu. Wengine walisema watu wa kule Butembo hawana moyo, wana mizani. Hakuna aliyenunua hata kiberiti. Yassine alimtazama, akabeba cherehani yake, akaondoka. Hapo ndipo Mama Odile alipoweka mizani chini. Miaka ishirini na mitano na watu hawa, na leo wanamwacha peke yake na maiti ambaye hawezi kumzika.

Yassine akarudi na mikeka mitatu kichwani. Akashika mlango wa duka.

"Papa, usiguse!" akasema Mama Odile. "Mama yangu njo alinifundisha kazi. Aliuza viazi mpaka siku aliyonizaa. Nikifunga, nitamulilia na nini?"

"Na sisi," alisema Yassine. "Kazi unaijua. Kukaa kilio, haujajua bado. Leo mi njo patron wa duka. Kaa chini."

Akafunga.

Mwanzoni Mama Odile alikaa kwa hasira, akinyoosha mikeka, akiuliza nani atapika, akitaka kuosha sahani za watu. Adolphine akamnyang'anya sahani. Ndipo akaanza kutusimulia mama yake: viazi, mzigo mgongoni, baridi ya asubuhi kule mlimani. Akacheka, akalia kwa sauti. Siku ya pili, saa nne, jua liko wazi, akalala kwenye paja la Adolphine, mdomo wazi.

Mwuza mpunga mmoja toka Kibombo akaegesha baiskeli, akataka kugonga mlango. Yassine akamzuia, akamnong'oneza kwamba pamefungwa.

"Mpaka lini?"

Hatukujua. Wa kuulizwa alikuwa amelala, na hakuna aliyekuwa tayari kumwamsha.