Mkwe Hakai Omo

Mkwe wangu Dzoro Chonga nilimwokota Marikiti, na sioni haya kulisema. Wenzangu wa Kibokoni waliwatafutia binti zao makarani wa bandari na vijana wenye jamaa Uarabuni. Mimi nilikwenda sokoni kununua nazi za mbaazi zangu za biashara, nikamwona hamali mmoja, kijana wa Kidigo kutoka Matuga, akipakia mkokoteni. Wenziwe walikuwa wakirusha magunia ovyo nyuma, mikono ya mkokoteni inapaa juu na mvutaji naye anapaa nayo, miguu hewani, watu wanacheka. Huyu alipakia gunia, akashika mikono ya mkokoteni akapima, akalisogeza gunia kidogo, akapima tena. Nazi zangu zilifika Kibokoni nzima zote. Nikampa maji, akayapokea kwa mikono miwili, macho chini. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Binti yangu Mejumaa alinuna, kisha akamtazama vizuri akaacha kununa.

Kama Dzoro alikuwa na ila, basi ilikuwa adabu. Nyinyi mwasema adabu haizidi? Yake ilizidi. Kwao mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya, na yeye hakupunguza hata chembe. Nikiwa nimeketi ukumbini, atabisha hodi mpaka jirani aitikie. Nikimwambia, “Dzoro, kula,” anakula kama mtu anayeiba, matonge mawili kisha ameshiba. Sahani yake nairudisha jikoni imejaa. Wallahi ilikuwa ikinikera, maana mimi napika.

Alibhai, mwenye duka la kuuzia meli vyakula kule Mbaraki, ndiye aliyemtoa kwenye mkokoteni. Alimweka stoo kwanza, kisha akamfundisha kuendesha mashua yake ya mbao. Mwaka wa tisini na sita akanunua boti ya mpira, ile ya kujazwa upepo, na mashini nyuma, ya kupeleka watu upesi kwenye meli zilizotia nanga. Akamkabidhi Dzoro. Mimi nikatembea Mji wa Kale mzima nikitangaza. Wanawake wa mtaani wakanicheka: “Bi Mwanakhamis, ati mkweo yuwaendesha pulizo?” Nikawaambia mapulizo wawanunulie wajukuu zao siku ya Idi, mkwe wangu ni nahodha.

Basi kumbe nimejitangazia fedheha. Dzoro akiwa peke yake, ile boti ilipanda juu ya maji ikateleza utadhani haigusi bahari. Ikitiwa abiria, lo! Mbele inainuka inatazama mbingu, nyuma inadidimia, mashini inalia kwa uchungu, na mwendo ni wa kobe. Wafanyabiashara wengine wakawa wanafika melini kabla yake na kuchukua kazi.

Alibhai ni mtu mpole lakini mali ni mali. Akamwambia, “Dzoro, kwa mwendo huu mashua ya mbao yanitosha. Jumamosi nitakuja mwenyewe. Nikiona imepanda juu ya maji na watu watatu ndani, boti ni yako kuiendesha. Isipopanda, naiuza kwa wenye hoteli, na wewe urudi stoo.”

Urudi stoo! Kwenye magunia! Mejumaa aliponiletea habari hiyo mbaazi ziliungua nikiziangalia.

Dzoro hakulala kazini. Alijua kwamba upepo uliojazwa juani hulegea boti ikiguswa na maji ya baridi, kwa hiyo akawa anapiga pampu tena boti ikishaelea, mpaka mpira unalia ukiugonga. Akasogeza tangi la petroli mbele. Akarekebisha mashini isimame wima. Kisha akatia magunia matatu ya mchele, na boti ikaruka! Watu wa gatini wakapiga makofi. Alibhai akasema, “Vizuri, lakini mchele hauwezi kupanda ngazi ya meli. Nataka watu.”

Ijumaa baada ya sala tukajitolea mimi, Mejumaa, na Kiti, kijana mchomeaji vyuma wa pale gatini. Dzoro akanitandikia mkeka nyuma kabisa, kwenye tezi, ubavuni pake, mahali pakavu pasiporuka maji. Nikaketi kama bibi harusi. Mejumaa akakaa karibu nami, Kiti naye akasogea nyuma kwa sababu hakutaka kumpa mgongo mtu mzima. Dzoro akafungua mashini. Mbele ikainuka juu, nyuma ikazama, maji yakakaribia kuniingia mapajani. Akajaribu tena, na tena. Wapi!

Hasira zikanipanda. “Dzoro, yale magunia uliyaweka wapi?”

Akatazama maji. “Mbele, mama.”

“Mbele wapi?”

“Omo kabisa, puani mwa boti.”

“Na mimi umeniweka wapi?”

Nikamuuliza, “Mimi na gunia la mchele, nani mzito?”

Mejumaa akajifunika uso kwa buibui. Kiti akageukia upande wa Likoni akawa anatazama minazi ambayo ameiona tangu azaliwe. Dzoro akasema kwa sauti ndogo, “Mama, omo watu hurushiwa maji ya chumvi. Mkwe hakai omo.”

Ala! Mtu aliyejua kupima mkokoteni kwa viganja, hajui kwa nini boti yake haipandi? Alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa radhi arudi kwenye magunia kuliko kumwambia mtu mzima asogee mbele, sembuse kunitamkia mimi uzito wangu. Nilikasirika, na papo hapo nikampenda kuliko siku zote.

“Sisogei,” nikamwambia. “Mpaka uniambie wewe mwenyewe. Kesho utapata nahodha wa meli mwenye tumbo la pipa, na nani atamwambia aende mbele? Mimi? Niambie!”

Akageuza boti. Tukarudi Mbaraki kwa mwendo wa kobe.

Jumamosi Alibhai akaja kweli, amevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi. Akatutazama, akamwambia Mejumaa, “Wewe shuka binti yangu, nitapanda mimi.” Yeye naye si mtu mdogo. Akaenda moja kwa moja kuketi kwenye tezi, juu ya mkeka wangu, kama tajiri apaswavyo. Mimi nikaketi ubavuni pake, Kiti akajibana papo hapo. Gati zima limesimama kutazama, mahamali, makarani, wauza kahawa. Nikauma ulimi wangu. Wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Tukatoka polepole. Dzoro akafungua mashini, mbele ikainuka, nyuma ikazama, mlio ule ule. Alibhai akashusha pumzi. “Basi, Dzoro. Umejaribu. Turudi.”

Dzoro akapunguza mashini. Moyo wangu ukawa unamwambia, sema, mwanangu, sema, sitakufa.

“Mama,” akasema.

“Labeka,” nikaitika, mimi niliye mkubwa kwake.

“Mama, wewe ni mzito. Nenda omo. Keti chini sakafuni, ushike kamba.”

Aliyasema kwa sauti kubwa, gati zima likasikia. Nikaenda kwa magoti na mikono, buibui linaburuta, nikaketi omo nikashika kamba. Kisha akageuka. “Na wewe, Bwana Alibhai, tafadhali mfuate. Kiti, kaa katikati.” Alibhai akanitazama mimi mwanamke mtu mzima nimejikunyata kule mbele. Angesema nini? Akakusanya nguo zake nyeupe akaja.

“Inameni mbele, nyote!”

Akafungua mashini yote. Mbele ikainuka, ikasitasita, roho yangu ikasimama nayo. Halafu ikashuka. Taratibu, wallahi, ikashuka ikalala sawa, mlio wa mashini ukawa mwepesi, na bahari ikaanza kupita chini yetu mbio. Maji ya chumvi yakanipiga usoni, yakampiga Alibhai, miwani ikamning'inia sikio moja, naye anacheka kama mtoto! “Imepanda! Imepanda!” Dzoro akatuita turudi nyuma mmoja mmoja, polepole, na boti ikabaki juu ya maji vile vile. Tulipopita Feri, watu wakajaa ukingoni kutazama, nami nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Na waseme tena pulizo!

Alibhai alishuka nguo zikichuruzika maji. Akampa Dzoro mkono mbele ya watu wote, akasema, “Jumatatu asubuhi, nahodha.”

Tangu hapo Dzoro amewabeba manahodha wa meli na mabwana wakubwa wenye mabegi ya ngozi, na kila mmoja huketi pale anapoambiwa. Lakini mimi nakumbuka zaidi mchana wa Jumamosi ile. Alikuja nyumbani akabisha hodi yake ndefu, akasimama mlangoni macho chini. “Mama, niwie radhi kwa neno la leo.”

“Neno gani? Ingia ule.”

Akaketi. Nikampakulia mbaazi na mahamri, nikageuza uso kama nilivyozoea, ili asione haya. Nikamsikia akila. Akaendelea kula. Nilipogeuka sahani ilikuwa tupu, naye ameninyoshea kwa mikono miwili, ananitazama usoni.

“Mama,” akasema, “niongeze.”

Nikampakulia mpaka Mejumaa akauliza yeye atakula nini.