Aliyeshikilia Orodha ya Chanjo

Nilipokuwa fundi wa kompyuta kwenye kampuni moja ya dawa za mifugo pale Musoma, nilikuwa na kiburi. Matawi yetu yalikuwa matatu, Musoma, Bunda na Butiama, na yote yalitumia programu moja ya stoo. Mtu akifungua orodha ya dawa ili airekebishe, wengine wote walilazimika kusubiri mpaka aifunge. Asipoifunga, tunakaa tunatazamana.

Asubuhi moja tulikaa tukitazamana na bwana mifugo wa kutoka Bugwema. Alikuja na pikipiki na boksi la barafu kuchukua chanjo. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamekusanywa joshoni tangu alfajiri, na barafu ilikuwa imeanza kuwa maji. Chanjo zilikuwa kwenye friji, hatua tatu kutoka alipokaa. Lakini bosi alishaapa kuwa hakuna kichupa kitakachotoka bila karatasi ya kompyuta, na kompyuta ilisema orodha inatumiwa na mtu mwingine.

Sikuhangaika kutafuta ni mtu gani. Nilishamjua. Nikampigia mama mtunza stoo wa Bunda, mtu wa umri wa mama yangu mzazi, na hata salamu sikumpa.

"Mama, umefungua orodha ukaenda kunywa chai! Ng'ombe za watu zitakufa Bugwema kwa sababu yako!"

"Mimi nafungaga kila nikimaliza," akasema polepole. "Na leo hata sijaifungua."

Nikamwambia wote husema hivyo, nikakata. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Bwana mifugo akatingisha boksi lake, likalia maji. "Samahani fundi," akasema. "Hiyo mashine haiwezi kusema yenyewe ni nani ameshika?"

Inaweza. Ndiyo kazi niliyosomea. Kuna ukurasa unaoonyesha nani yuko ndani ya programu, yuko kwenye kompyuta gani na ameshikilia kitu gani tangu saa ngapi. Nikaufungua kwa mbwembwe, nimegeuza kioo ili naye aone. Jina la mtumiaji lilikuwa langu. Kompyuta, ya Butiama. Tangu jana, saa saba mchana.

Jana yake nilikuwa Butiama, narekebisha hesabu ya hizo hizo chanjo, mwenyeji wangu wa tawi lile akaniita nile. Ugali wa muhogo na kuku wa kienyeji. Nilipomaliza nikapata lifti ya kurudi Musoma, nikapanda na furaha yangu yote.

Nikampigia yule mwenyeji.

"Aah, fundi! Kazi yako tumekutunzia. Tumeifunika na kitambaa, hakuna mtu amegusa. Jana tumekeshesha mlinzi hapo. Kompyuta ikitaka kulala anatingisha kipanya kidogo."

"Na wateja?"

"Tumewaambia wasubiri mpaka mgeni arudi amalize. Tungegusaje kazi ya mgeni?"

Na umeme, ambao Butiama ulizoea kukatika nikiwa nauhitaji, usiku ule haukukatika hata dakika moja ukaizima ile kompyuta.

Nikajiondoa mwenyewe kwenye programu kwa kubonyeza mara moja. Karatasi ikatoka, chanjo zikaingia kwenye boksi na barafu ya kwetu juu yake, bwana mifugo akawasha pikipiki. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kupiga simu Bunda. Niliona aibu, ile ya kweli, ya kutokwa jasho masikioni. Nikamweleza mama yote, mpaka kuku. Nikajua sasa nitasemwa mpaka nikome.

"Bwana mifugo amefika?" akauliza.

Sikujua. Nilikuwa nimeshughulika na aibu yangu tu.

"Si ulisema ng'ombe zitakufa? Mpigie kwanza yeye. Mimi utaniomba msamaha baadaye, niko tu hapa."

Nikampigia. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika, kisha nikasikia ng'ombe wakilia na watu wakipiga kelele, "Mshike! Mshike huyo!"

"Fundi, sina nafasi," bwana mifugo akasema, anahema. "Nachoma sindano hapa."

Akanikatia. Sijawahi kufurahi kukatiwa simu kiasi kile.