Nusu ya Pili Iko Buzuruga

Siku magari yalipoanza kupita juu ya daraja, watu wa Kigongo walitoka kwenda kuangalia. Mimi nilibaki kwenye benchi langu na vitabu vyangu, nimenuna. Sikatai daraja. Nimewahi kumwona mama mjamzito amelazwa kiti cha nyuma cha gari, anasubiri kivuko kirudi kutoka Busisi, ng'ambo ya ziwa, na mtu aliyeona kitu kile hawezi kuililia foleni. Lakini mimi nilikuwa nakula kwa foleni. Nilikuwa nakodisha riwaya kwa watu wanaosubiri, na siku ile kusubiri kulikwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Basi likifika, abiria wanashuka wapande kivuko kwa miguu. Hapo ndipo nawapa kitabu. Mtu anasoma kwenye foleni, anasoma juu ya maji, akifika Busisi anamwachia mama muuza karanga aliyekaa pale wanapotokea abiria. Muuza karanga anavitia kwenye ndoo, kivuko kikirudi ndoo inarudi. Ambaye hajamaliza anakunja kona ya ukurasa, safari ijayo anaendelea alipoishia. Nilikuwa na riwaya iliyokunjwa kona mpaka haifungiki.

Ujuzi ulikuwa kwenye kumwangalia mtu. Foleni ikiwa fupi nampa ya kutisha, kwa sababu mambo ya majini na mizimu yanashika mapema, hajafika mbali keshageuka kuangalia nani amesimama nyuma yake. Foleni ikijaa malori nampa ya upelelezi, yenye maiti na mashahidi wengi. Wasichana wa vyuo walitaka za mapenzi. Wanaume watu wazima nao walitaka za mapenzi, ila wao nilikuwa nawafungia jalada kwa gazeti. "Ni ya mke wangu hii," ananiambia. Sawa, ya mke wako, mbona kona umekunja wewe.

Nilijivunia sana kazi ile. Shuleni kulikuwa na mwalimu aliyeninyang'anya riwaya darasani akasema mambo hayo yataniharibu. Nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yanatoka tayari nina mimba, na aliyenipa yuko machimboni Geita anachimba dhahabu, au anachimba mashimo tu, sijui, hatuongei. Kilichoniharibu hakikuwa na ukurasa hata mmoja. Kwa hiyo nilipokaa pale Kigongo na mtoto mgongoni, watu wazima wananiuliza "wewe binti, nisome nini leo?", nilijiona mtu. Nilikuwa naamini nikimtazama abiria anavyotembea kutoka kwenye basi, najua anachohitaji.

Halafu alikuwepo yule mama.

Alikuwa hapiti kila siku, lakini mwezi haukuisha hujamwona. Alipita alasiri, anatoka mjini anarudi kwao upande wa Sengerema. Kilemba cha kitenge amekifunga kikabana, kikapu mkono wa kulia, anatembea polepole kama mtu asiye na haraka na lolote. Nikasema huyu ana wajukuu mjini, anaenda kuwasalimia, anarudi ameshiba. Nikampanga hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una nini?"

"Nina ya upelelezi. Mhasibu wa kiwanda cha samaki kakutwa amekufa ndani ya chumba cha barafu, na mlango umefungwa kwa ndani."

"Nani kaufunga?"

"Sasa nikikwambia utasoma nini?"

Akacheka, akachukua, akakaa juu ya gogo akasoma. Alisoma vizuri, midomo haichezi. Lakini ilipobaki sura ya mwisho, kivuko bado kiko mbali, mtu ana muda wote wa dunia, akafunga kitabu.

Nikaona. Nikavumilia, nikashindwa.

"Mama, hujaipenda?"

"Nimeipenda."

"Mbona humalizi? Si umefika pale mlango unapofunguliwa?"

"Nitamalizia nikija tena."

Na kweli, alipokuja tena aliisoma ile sura ya mwisho amesimama, akanirudishia, akaomba nyingine. Na hiyo nyingine akaiacha vilevile, mwisho ukiwa mkononi mwake.

Mimi nililichukua hilo kama tusi. Nani anaacha kitabu mlangoni? Nikasema upelelezi haumfai, nikampa ya kutisha, ile ya nyumba ya kupanga ambayo kila mpangaji anamkuta mpangaji wa zamani bado yumo. Ile hakuna mtu aliyewahi kuiacha. Kuna dereva alichelewa kupandisha lori lake, nyuma wanampigia honi, yeye anafungua ukurasa. Mama akaiacha. Nikampa ya mapenzi, mganga wa zahanati na binti wa mchungaji. Akacheka njia nzima, muuza karanga alinipigia simu kuniambia, "Mteja wako kaja anacheka peke yake." Na kitabu? "Kona imekunjwa mwishoni kabisa."

"Huyo mama anajisikia," nikasema.

Na kulikuwa na jambo la mtoto. Mwanangu alikuwa ndiyo anaanza kutembea, anang'ang'ania sketi ya kila anayepita. Abiria wote walikuwa wanambeba, hata makondakta. Yule mama hakumbeba hata mara moja. Mtoto anamnyooshea mikono, yeye anampa kidole cha mkono wa kulia ashike, basi. Niliona vibaya. Nikajiambia, mama mzima anayekataa kumbeba mtoto wa mwenzake ni mama wa namna gani.

Mwisho nikampa kile kinene. Kulikuwa na duka la Wahindi mjini lililofungwa, wenyewe wakahama, na vitu vyao vikauzwa kwa maboksi. Boksi moja nililipata mimi. Ndani mlikuwa na riwaya za miungu yao, ambazo mtu fulani zamani aliziandika kwa Kiswahili. Karatasi zimegeuka rangi ya chai. Watu walikuwa hawazitaki. Waislamu wanaona miungu mingi mno, Wakristo hivyohivyo, na mama mmoja wa maombi aliniambia nizichome. Mimi nilizisoma zote. Zina vita, zina wivu, zina mungu mwenye kichwa cha tembo anayependa vitamu kuliko mwanangu. Ukitaka kujua mapenzi, hofu na mauaji vikikaa nyumba moja, soma zile. Na katika zote niliyoipenda ni hiyo nene, ya mwanamke ambaye mume wake amekufa porini, Mauti mwenyewe kaja kuchukua roho, na mwanamke anamfuata Mauti kwa miguu. Anamsemesha. Mauti anamwambia rudi nyumbani, yeye anatembea tu, na kila akisema neno zuri Mauti anampa kitu, ila si mume.

"Hiki mama, hiki usipokimaliza nafunga biashara."

Alikipima kwa mkono. "Kizito."

"Ndiyo dawa yako."

Akanitazama kidogo. Nilidhani ananidharau.

Kitabu kile alikisoma safari baada ya safari. Daraja nalo linakwenda, kila akija nguzo zimeunganishwa zaidi, na sisi wa pale chini tunaangalia tu. Watu walianza kuondoka; muuza chai akaenda, wa maji akaenda. Siku moja mama akakaa juu ya gogo lake, kitabu mapajani, akaniuliza:

"Likifunguliwa, wewe utakaa wapi?"

"Sijui."

"Na kitabu hiki?"

Nilikuwa na hasira siku ile. Nina hasira siku nyingi, lakini ile ilikuwa na sababu yake: nilikuwa nimetoka kuambiwa niondoe benchi. Nikasema, "Chukua mama. Kamalizie nyumbani. Nimekupa."

"Hapana, mwanangu. Kiache hapahapa."

"Nakupa bure, unakataa?"

"Mimi napenda kiwe kinanisubiri huku."

Nikamjibu, "Huku hakuna kitakachokusubiri tena mama. Panafungwa."

Na nikakichukua mapajani mwake, nikakitia kwenye kikapu kwa mikono yangu mwenyewe. Honi ya kivuko ikalia. Alisimama, akakitengeneza kikapu, akasema, "Haya. Umenipa." Mwanangu akamnyooshea mikono kama kawaida yake. Akampa kidole. Akaenda.

Nikajiona nimefanya wema.

Sasa niko Buzuruga, stendi ya upande mwingine wa mji. Nyegezi, yanakoishia mabasi ya Geita na Sengerema, sikupata nafasi. Hapa nimepata meza karibu na stendi, na watu wa hapa wanakwenda Musoma na hawasubiri chochote, wananunua chaja na maji. Riwaya nauza moja moja. Mtu anauliza, "Hii inahusu nini?" huku mguu mmoja uko kwenye basi.

Alikuja mwanamke mmoja hapo mezani, hana mzigo, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Akasoma migongo ya vitabu vyote kwanza. Kisha akasema:

"Wewe ndiye wa Kigongo?"

"Ndiyo mimi. Karibu dada."

"Muuza karanga wa Busisi kanielekeza. Nimezunguka stendi zote." Akafungua kitenge. Kitabu changu kinene, na hakuna kona iliyokunjwa. "Dada yangu kasema nikurudishie. Kamaliza."

Nilifurahi, mpumbavu mimi. Nikamuuliza, "Kapenda mwisho?"

"Kasema yule mwanamke kashinda kwa sababu Mauti wa kwenye kitabu anasikiliza. Kasema wa kwetu hasikilizi."

Ndipo nikamtazama vizuri. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Kliniki kagoma."

"Kliniki ya nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la ziwa. "Hukujua? Dada ana saratani ya titi. Walishalikata. Alikuwa anakuja huku kutundikiwa dawa."

Nikakaa. Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Kilemba kile. Mkono wa kushoto ambao hakubebea chochote, si kikapu, si mwanangu. Mwendo ule niliousoma kuwa ni wa mtu asiye na haraka. Mimi ninayejua watu kwa kuwatazama wakishuka kwenye basi.

"Kaacha lini?" nikamuuliza.

"Tangu mambo ya kivuko yaishe. Nilimwambia sasa imekuwa rahisi, unapanda basi, hushuki, dakika umefika. Akaniambia ndiyo hivyo, unafika tu. Unafika hospitali, unatundikiwa, unarudi unatapika, hakuna kitu katikati. Alikuwa anasema, siku ya dawa akiamka hataki, anakumbuka kuna kitabu amekiacha mlangoni." Akacheka bila furaha. "Nilikuwa namwona mtoto. Mtu mzima unakwenda hospitali kwa sababu ya hadithi. Lakini alikuwa anakwenda."

Nilikuwa na hasira na daraja, na huyo mdogo wake, na madaktari ambao siwajui, na yeye mwenyewe kwa kutoniambia, na zote zilizunguka zikarudi zikakaa kwangu. Angeniambia nini? Aliniambia. Alisema kiache hapahapa. Mimi ndiye niliyemtilia mwisho kwenye kikapu.

"Anaweza kuanza tena?" nikauliza.

"Daktari kasema aje wamwone. Hakuahidi. Amekosa dawa zaidi ya mara moja."

Nikaanza kutafuta kwenye meza. Ya kutisha nikaiweka pembeni. Hofu anayo ya kwake. Ya mapenzi atacheka, atalala, kesho kasahau. Za miungu, alishanijibu. Nikachukua riwaya ya upelelezi iliyo bora kuliko zote nilizo nazo, ambayo siiuzi, namsimulia kila mteja nikimwonjesha: wakili kafia kwenye harusi ya binti yake, na kila aliyekaa meza kuu ana sababu. Nikaifungua pale katikati, ambapo bibi harusi anasimama kusema alichokiona. Nikachukua wembe ninaofungulia maboksi, nikaupitisha kwenye mgongo wa kitabu.

"We!" mdogo wake akasema. "Una wazimu?"

Sijawahi kuchana kitabu. Mwanangu nimemchapa kwa kuchana ukurasa. Nusu ya kwanza nikaifunga kwenye kitenge chake, nikampa.

"Mpe hii. Mwambie nusu ya pili iko Buzuruga, na haitumwi kwa basi, na hapewi mtu mwingine hata wewe. Siku ya kliniki nitaileta mwenyewe Nyegezi."

"Na akikasirika?"

"Akasirike. Chukua namba yangu, na ya kwako nipe." Namba ya yule mama, siku zote zile pale Kigongo, sikuiomba.

Nusu ya pili iko chini ya meza, nimeifunga kwenye khanga ya kumbebea mtoto. Kuna mwanaume aliiona akataka kuinunua, akasema hata bila mwanzo ataelewa. Nikamwambia ina mwenyewe. Mwanangu sasa anaongea, naye anawaambia wateja, "Hiyo ya bibi kidole."

Siku zikapita mdogo wake hajapiga, nikadhani basi. Juzi kapiga simu.

"Kafika mwisho wa nusu."

"Kasemaje?"

"Kakutukana."

"Kanitukana vipi?"

"Kasema wewe ni mshenzi, laiti mama yako angekuona. Halafu kaniuliza kama najua nani kamuua wakili. Nikamwambia mimi sisomi hayo. Akalala akigeukia ukutani."

"Atakuja?"

"Hajasema. Kliniki ni Alhamisi."

Nimemwomba jirani wa meza ya chaja aniangalizie vitabu, Alhamisi niko Nyegezi. Asiposhuka kwenye basi la kwanza, yapo mengine nyuma yake.